Mbunge, boma na barabara iliyobonyea: mila za vijiji vya Ayalandi zinafanya kazi gani?

Agosti 2017 mbunge mmoja wa Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, alikuwa na maelezo yake kuhusu barabara ya N22 inayounganisha Killarney na Cork. Kipande kimoja cha barabara hiyo kilibonyea, kikatengenezwa, kikabonyea tena. Danny Healy-Rae alisema eneo hilo limejaa maboma ya kale ya "watu wema" na kwamba pale pana kitu kisichochezewa. Yeye mwenyewe, akaongeza, afadhali afe njaa kuliko kubomoa boma la aina hiyo. Watu wakacheka, Dublin na hata ng'ambo. Kilichopita bila kuangaliwa ni kwamba mheshimiwa huyu ni mkandarasi, na biashara yake ni makatapila ya kuchimba ardhi. Mtu wa namna hiyo akikuambia kuna mahali hachimbi, anakutajia mpaka wa riziki yake mwenyewe.

Hao watu wema ni akina nani? Kijijini Ayalandi hawatajwi hovyo kwa jina lao, ndiyo maana wakapewa hilo la kuwabembeleza. Msomaji asiwafikirie kama vile vijitu vyenye mabawa tunavyoviona kwenye katuni. Katika masimulizi ya wazee wanafuga ng'ombe, wanapiga muziki, wanacheza mpira, wanapigana vita jimbo kwa jimbo. Kuwaita majini au mizimu hakutoshi. Ni majirani wanaoishi chini ya ardhi ileile unayoilima, na ukiwakosea wanalipiza: ng'ombe anakauka maziwa, mtoto anadhoofu, mtu anaamka mkono umepooza.

Wanaozungumzia mambo haya huwa wa aina mbili. Kuna wanaocheka, na kuna wanaouza: kofia za kijani, vizee vyenye chungu cha dhahabu, maneno matamu kuhusu roho ya taifa. Wote wawili wananichosha kwa kiasi kilekile, kwa sababu wote wanachukulia kwamba mila ni kitu cha kuaminiwa au kutoaminiwa, basi. Ukisoma yale ambayo wanavijiji wenyewe waliyaandika, unaona jambo jingine. Mila hizo zilikuwa na kazi ya kufanya baina ya watu waliolazimika kuishi pamoja. Zilizobaki na kazi zimebaki hai. Zilizopoteza kazi zimekufa, hata zile zilizokuwa nzuri kupita zote. Na kazi yenyewe haikuwa ya heri kila mara.

Tuanze na hayo maboma. Kisiwani kote yanajulikana zaidi ya 40,000: tuta la udongo la duara, mara nyingine mawe, ambalo karne nyingi kabla ya Waingereza kutawala lilizunguka nyumba ya mkulima na zizi lake. Wenyewe walitoweka na kumbukumbu yao ikafutika. Wakulima waliofuata wakayakabidhi kwa watu wema. Jembe likawa linazunguka tuta, mti wa miiba ukaota katikati, na hakuna aliyeukata hata kuni zilipoadimika. Wanaakiolojia walipofika baadaye na futi zao za kupimia, walikuta maelfu ya maboma yakiwa mazima kwa sababu tu watu waliogopa.

Lakini walichokiogopa si watu wema peke yao. Kanisa Katoliki halikuruhusu mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa azikwe kwenye ardhi takatifu. Familia zilikuwa zikimbeba mtoto huyo, mara nyingi usiku, baba na labda mjomba mmoja, bila padri, mpaka mahali pasipo pa mtu: mpakani mwa mashamba, ufukweni, au ndani ya boma la kale. Makaburi ya namna hiyo yapo mamia kwa mamia, na baadhi yalitumika hadi katikati ya karne ya 20. Sasa fikiria mama anayemkataza mwanawe kucheza bomani. Kumwambia kwamba watu wema watamchukua ni rahisi kuliko kumwambia nani amelala pale. Hapo imani ilikuwa inabeba kitu ambacho kanisa, familia na sheria havikutaka kukibeba waziwazi.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Ayalandi ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, fedha za kuboresha mashamba ziliingia pamoja na mashine kubwa, na maboma mengi yakasawazishwa na watu ambao bibi zao wasingethubutu kuvunja tawi. Leo yanalindwa na sheria. Mwaka 2012 mkulima mmoja huko Kerry alitozwa faini ya euro 25,000 kwa kuharibu boma. Pale hofu ilipoishiwa nguvu, mahakama ilibidi iingie, na mahakama haiwezi kusimama kwenye kila shamba.

Wakati mwingine vyote viwili hushirikiana kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1999 barabara kuu mpya ilipangwa kupita Latoon, katika kaunti ya Clare, palipokuwa na mti mmoja wa miiba. Msimuliaji maarufu Eddie Lenihan aliandika gazetini kwamba mti huo ndipo watu wema wa Munster wanapokutana wakienda au wakirudi vitani na wale wa Connacht, jimbo jirani, na kwamba ukikatwa, ajali barabarani zitakuwa juu ya wahandisi. Hakuna ofisa aliyetamka kwamba anaamini, na hakuna aliyekata. Mpango ukarekebishwa na mti ukabaki. Miaka mitatu baadaye mtu asiyejulikana aliufyeka matawi yake kwa msumeno wa mashine, nao ukachipua tena. Nadhani maofisa wale walifanya hesabu ambayo ofisa yeyote angeifanya: kukwepa mti gharama yake inajulikana, kuukata gharama yake haijulikani, hasa ajali ya kwanza ikishatokea na kila mtu akakumbuka gazeti.

Tunayajua mengi ya haya kwa sababu ya kazi moja ambayo sijui mfano wake barani Ulaya. Nchi hiyo ilipata serikali yake mwaka 1922, maskini na yenye majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1935 ikaunda Tume ya Mapokeo ya Ayalandi chini ya Séamus Ó Duilearga, na kati ya 1937 na 1939 Tume hiyo, pamoja na Wizara ya Elimu na chama cha walimu, ikawapa kazi watoto. Wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 katika shule za msingi zipatazo 5,000 waliacha insha zao za kawaida. Badala yake walirudi nyumbani na swali, wakamuuliza babu, bibi au jirani, kisha wakaandika walichoambiwa kwenye daftari. Seán Ó Súilleabháin, mtunza nyaraka wa Tume, aliwaandalia walimu kijitabu cha mada. Yalipatikana maandishi ya kurasa karibu 740,000. Ayalandi Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, haikushiriki, hivyo kaunti sita zikakosekana. Miji mikubwa kwa jumla iliachwa pembeni pia, kana kwamba watu wa mjini hawana mababu.

Kinachonivutia ni mada zenyewe. Hazina zilizofichwa, visima vitakatifu na mashujaa wa kienyeji zilitarajiwa. Lakini kijitabu kiliuliza pia kuhusu mkate, kuhusu karakana ya mhunzi, kuhusu vitu vya kuchezea ambavyo watoto walijitengenezea, kuhusu kilimo cha viazi, hata kuhusu utunzaji wa miguu. Ndiyo, miguu. Watoto wakaandika kwamba watu wa zamani walitembea peku hadi ukubwani, wengine wakivaa viatu kwenda kanisani tu. Wakaandika pia kuhusu maji ya kunawia miguu. Ni marufuku yalale ndani ya nyumba. Lazima yamwagwe nje kabla ya kulala, na anayemwaga gizani atoe sauti kwanza ili waliopita nje wasilowe. Maji hayo yakibaki ndani, watu wema wakibisha hodi usiku, ni maji yatakayowafungulia mlango.

Chukua sharti hilo ulipime. Nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya udongo, watoto saba waliotembea peku kwenye samadi siku nzima, beseni moja. Bibi anayetaka beseni hilo liondoke ndani kila usiku bila mabishano hahitaji somo la afya. Anahitaji mtu wa kugonga mlango. Sisemi kwamba bibi huyo alikuwa mwanasayansi aliyejificha. Wachambuzi wanaopenda kugeuza kila mwiko kuwa kanuni ya usafi wananikera pia. Inawezekana kabisa aliogopa kwa dhati. Ninachosema ni kwamba hofu yake ilikuwa na ratiba, na ratiba ilimwaga maji.

Siagi ndiyo inayoonyesha pande zote mbili. Katika kaya ya mkulima mdogo, siagi ndiyo ilikuwa fedha, na mara nyingi fedha ya mama mwenye nyumba. Maziwa yalisukwa kwenye pipa la mbao kwa mti mrefu unaopandishwa na kushushwa, kazi ya kuchosha mabega. Kanuni ilikuwa moja na inajirudia daftari baada ya daftari: ukiingia nyumba ya mtu ukakuta wanasuka maziwa, uombee kazi hiyo baraka na ushike mti usuke kidogo. Usiposhika, unaondoka na bahati ya siagi. Kwa kipimo cha ujirani hiyo ni sheria bora sana. Mgeni hakai bure huku wenyeji wanatoka jasho. Ila geuza upande wa pili. Siagi ikikataa kuganda, na hukataa kwa sababu za joto, za chombo kichafu, za malisho, basi kuna mtu ameichukua. Nani? Aliyeingia akatoka bila kushika mti. Aliyeonekana alfajiri ya tarehe 1 Mei akizunguka na kitambaa kwenye umande wa shamba la mwenzake. Siku hiyo hakuna aliyetoa maziwa, chumvi wala kaa la moto nje ya nyumba yake, na aliyekuja kuomba alishukiwa tayari. Mara nyingi mshukiwa alikuwa mwanamke mjane, mzee, mwenye ng'ombe mmoja. Mwiko uliomlazimisha mgeni kusaidia ndio uliokipa kijiji mtu wa kumlaumu.

Mbaya kuliko wote ni mkasa wa Ballyvadlea, Tipperary, Machi 1895. Bridget Cleary alikuwa na miaka 26, fundi cherehani, mwenye kuku wake na fedha zake. Aliugua. Mumewe, Michael, fundi wa mapipa, akashikilia kwamba aliyelala kitandani si mkewe, kwamba watu wema wamemchukua halisi na kuacha mfano. Kwa siku kadhaa alimlazimisha kunywa dawa za mitishamba na kumhoji jina lake, huku ndugu zake mwenyewe wakimshika, na hatimaye akamchoma moto mbele ya watu wa familia. Mwili ulipatikana umezikwa shimo la kina kifupi. Mahakama ilimtia mume hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alihukumiwa miaka 20, akatumikia 15. Magazeti yaliyopinga Ayalandi kujitawala yaliutumia mkasa huo kama ushahidi kwamba watu wake ni washenzi, na hilo likawafanya wazalendo waukwepe. Nadhani wote waliukwepa. Padri alifika nyumbani kabla ya kifo, daktari naye alifika. Masimulizi yalimpa Michael Cleary lugha ya kusema jambo ambalo mume mwenye wivu katika nchi yoyote hulisema kwa lugha nyingine: huyu si mwanamke niliyemwoa. Anayesifu mila za watu wema bila kulitaja jina la Bridget Cleary ameacha nusu ya habari.

Upande wa vilivyokufa, hasara kubwa ni hadithi ndefu. Majira ya baridi, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi, watu walikusanyika nyumba moja usiku, wakakaa kuzunguka moto wa udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa na kukaushwa kama kuni. Hadithi za mashujaa hazikusimuliwa mchana; msomaji aliyekatazwa na bibi yake kutegewa vitendawili kabla ya jua kuzama hana haja ya kuelezwa. Huko Carna, kaunti ya Galway, alikuwapo Éamon a Búrc, fundi wa kushona nguo aliyepoteza mguu mmoja alipokuwa Marekani. Mwaka 1938 mkusanyaji Liam Mac Coisdeala alirekodi kwake hadithi moja tu yenye maneno zaidi ya 30,000. Hajawahi kuisoma popote. Aliisikia, akaishika. Wakusanyaji walibeba mashine nzito iliyochora sauti kwenye mitungi ya nta. Kwa kuwa Tume haikuwa na fedha, hadithi ikishanakiliwa kwa kalamu, mtungi ulikwanguliwa na kutumika tena. Maneno yakabaki na sauti zikaenda na nta.

Ó Duilearga mwenyewe aliwahi kueleza habari za Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi wa Cill Rialaigh, Kerry, mtu asiyejua kusoma. Wasikilizaji walipopungua, mzee huyo alikuwa akijisimulia hadithi zake kwa sauti pale alipodhani hakuna anayemwona, mikono ikicheza kama mbele ya umati, ili asizisahau. Mtu mwingine angeona hapo upendo wa sanaa, na upo. Mimi naona msimuliaji aliyebaki na ustadi wote huku kazi yenyewe imeondoka. Vijana walikuwa Boston na Glasgow. Waliobaki walikuwa wanaacha Kiayalandi, lugha ya hadithi hizo, na kuhamia Kiingereza. Kuanzia mwaka 1946 nguzo za umeme zikaanza kuingia vijijini, na wazee wengi wamesema kwa utani kwamba taa ndiyo iliyofukuza mizuka. Mizuka sina habari nayo. Umeme uliondoa sababu ya watu ishirini kukaa kwenye moto mmoja.

Linganisha na tiba. Hadi leo, katika kaunti nyingi, mtu mwenye mkanda wa jeshi au choa, au mtoto aliyeungua, huweza kwenda hospitali asubuhi na jioni akaenda kwa jirani "mwenye tiba". Mara nyingi jirani huyo ana tiba ya ugonjwa mmoja tu. Aliirithi kwa baba, au ni mtoto wa kiume wa saba, au ni mwanamke aliyeolewa na mwanamume wa jina la ukoo kama lake, ambaye zamani aliombwa kipande cha mkate kwa ajili ya mtoto mwenye kifaduro. Nyingine zimepotea na hakuna anayezililia: sidhani yupo mzazi anayempitisha mtoto mara tatu chini ya tumbo la punda siku hizi, chanjo imemaliza habari hiyo. Zilizobaki zina sharti linalofanana. Hakuna malipo. Sehemu nyingine hata asante hairuhusiwi, kwa maelezo kwamba tiba inayoshukuriwa inaharibika. Sina hoja ya kitabibu hapa. Choa kingi hupona chenyewe, na mkanda wa jeshi una dawa zake ambazo mgonjwa asizichelewe. Lakini jamii iliyojaa bili na miadi imeacha wazi nafasi ya mtu anayekuhudumia bila kukudai chochote, na nafasi hiyo inajazwa na mzee wa barabara ya pili.

Kuna kazi moja nyingine ambayo mila hizi zilifanya, nayo ni kunyamaza. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza zaidi ya milioni moja wengine. Vijijini wanataja nyasi ya njaa: mahali fulani shambani au njiani alipoanguka mtu kwa njaa, na anayekanyaga hapo hushikwa ghafla na udhaifu usio na sababu. Dawa yake ni kutembea na kipande cha mkate mfukoni. Sijui ukumbusho wa jiwe ulio na nguvu kama ule wa kumfanya mjukuu abebe mkate. Ila Tume ilipotuma maswali kuhusu Njaa mwaka 1945, majibu mengi yalikuwa na mkunjo wa kudumu: hapa kwetu haikuwa mbaya sana, mbaya ilikuwa kijiji cha pili. Wakatoliki waliogeuka Waprotestanti ili wapewe supu walitajwa kwa aibu vizazi vitatu baadaye. Jirani aliyechukua shamba la waliofukuzwa alitajwa kwa sauti ya chini zaidi, kama alitajwa. Wajukuu wa pande zote walikuwa bado wanakaa benchi moja kanisani, na masimulizi yaliwawezesha kuendelea kukaa.

Leo serikali inazipenda mila hizi kuliko wakati wowote. Mkusanyo wa Tume uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2017. Kurasa za watoto zimewekwa mtandaoni na watu wa kujitolea wanazinakili ukurasa kwa ukurasa. Tangu 2023 sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mwanzoni mwa Februari, ni siku ya mapumziko kitaifa, na watoto husokota misalaba ya nyasi za kinamasi darasani. Yote mema. Lakini mwaka 2018 shirika la posta la nchi hiyohiyo lilitangaza kufunga ofisi 159, nyingi zikiwa za vijijini, na mkataba wa kila msimamizi wa ofisi ulihesabiwa kwa barua na pensheni zinazopita dirishani. Kilichokuwa kikipita dirishani humo kingine hakikuwekwa kwenye hesabu. Nani ana tiba ya choa hakuandikwi popote. Unaambiwa na mtu aliyesimama mbele yako kwenye foleni.